Riwaya za Kikristo kuhusu imani inayojaribiwa na mateso ya familia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yafuatayo yamekusanywa kutoka kwa wasomaji na waandishi chipukizi ambao kwa miaka kadhaa nimesoma nao hadithi za aina hii katika kikundi cha usomaji cha ushirika wetu, na ambao baadhi yao wameniletea miswada yao niipitie. Maswali ya mwanzo ni ya msingi, na yale ya mwisho ni ya hali ngumu zisizotokea kila siku.

## Misingi

1. Hadithi za aina hii ni zipi hasa, na zinatofautianaje na ushuhuda?

Ni hadithi za kubuni, fupi au ndefu, ambazo mhusika wake mkuu anamwamini Kristo, na ambazo mgogoro wake unatokana na maumivu yaliyoingia ndani ya nyumba: mtoto anayeugua miaka nenda miaka rudi, mama aliyepooza, kijana aliyefungwa gerezani, ndoa isiyojaliwa mtoto, mume aliyepoteza kazi akatekwa na pombe. Kutaja kanisa au kuweka sala katika kila sura hakutoshi. Kipimo ninachokitumia ni hiki: ukimwondoa Mungu ndani ya kisa na kisa kikaendelea bila kutikisika, hiyo ni riwaya ya familia, hata kama mhusika wake ni mzee wa kanisa.

Ushuhuda husimuliwa baada ya jibu kupatikana, na anayesimama kuutoa anajua mwisho wake tangu neno la kwanza. Hadithi humrudisha msomaji kwenye usiku ule ambao jibu halijaja na huenda lisije. Kwa sababu hiyo mtu anayeandika riwaya kwa mtindo wa ushuhuda huishia kuandika kitabu kisicho na hofu yoyote ndani yake, na msomaji aliyeketi kando ya kitanda cha mgonjwa hujua mara moja kwamba mwandishi hayuko pamoja naye.

2. Mtindo huu ulianzia wapi?

Kielelezo chake kikuu ni Kitabu cha Ayubu. Kina sura 42, lakini masimulizi ya kawaida yamo katika sura mbili za mwanzo na sehemu ya mwisho ya ile ya 42. Yaliyobaki karibu yote ni mashairi ya watu wanaojadiliana. Watoto kumi, wana saba na binti watatu, wanakufa katika mistari miwili tu, nyumba ya kaka yao mkubwa inapoangushwa na upepo. Mabishano kuhusu maana ya msiba ule ndiyo yanayochukua kitabu kizima. Mwandishi anayetumia kurasa hamsini kuelezea ajali na kurasa tano kuelezea mwaka uliofuata amegeuza uwiano huo juu chini.

Wasomaji wa Kiswahili wana urithi wa ziada hapa, kwa kuwa kisa cha Nabii Ayubu kilitungiwa utenzi na washairi Waislamu wa pwani muda mrefu kabla ya riwaya kuandikwa kwa lugha hii, na hadi leo tunazungumza juu ya subira ya Ayubu bila kuuliza dini ya msemaji. Hata hivyo mwandishi Mkristo asome Biblia yake vizuri: subira ile iliyokuwa katika sura mbili za kwanza haifiki mbali, kwani sura ya tatu inafunguka kwa Ayubu kuilaani siku aliyozaliwa.

3. Kwa nini mateso ya familia, na si mateso ya mtu mwenyewe?

Kwa sababu mtu anaweza kuyakubali maumivu ya mwili wake na kuyaita msalaba wake, lakini hana ruhusa ya kuyakubali kwa niaba ya mtoto wa miaka minne. Baba katika Marko sura ya 9, ambaye mwanawe hutupwa motoni na majini na pepo, haombi kwa ajili yake mwenyewe, na kilio chake cha kuamini na kutoamini kwa wakati mmoja ni sentensi ambayo riwaya nyingi za aina hii zimetokana nayo, hata pale waandishi wake wasipoitaja.

Sababu ya pili ni kwamba nyumba moja ina imani kadhaa. Mke anataka kwenda hospitali, mume ameambiwa habari za mtumishi mwenye mafuta ya upako, bibi anasema kuna tambiko lililoachwa, na mtoto mkubwa amekwisha kuacha kusali ila hajamwambia mtu. Wote wanampenda mgonjwa yuleyule. Mke wa Ayubu anakumbukwa kwa sentensi moja tu ya ukali, na wahubiri wamemsema vibaya kwa karne nyingi, lakini watoto kumi waliokufa walikuwa wake pia. Bado naisubiri riwaya ya Kiswahili itakayompa nafasi ya kusema sentensi ya pili.

4. Kuna tofauti gani kati ya jaribu, kishawishi na adhabu?

Kiswahili cha Biblia hutumia neno "jaribu" kwa mambo mawili: taabu inayopima imani, na mvuto wa kutenda dhambi, yaani kishawishi. Kigiriki cha Agano Jipya nacho kina neno moja kwa yote mawili, na Waraka wa Yakobo sura ya 1 unazipitia maana zote mbili ndani ya mistari michache. Ndiyo maana msemo kwamba Mungu hampi mtu jaribu asiloliweza, unaotolewa katika 1 Wakorintho 10:13, huwaumiza wafiwa: sura ile inazungumzia ibada ya sanamu na uasherati, ilhali mjane anausikia kama tathmini ya nguvu za mabega yake. Katika hadithi, mhusika anaweza kuusema msemo huo, maana watu wanausema kila siku, lakini msimulizi asiuthibitishe.

Kuhusu adhabu, tazama swali la 12.

## Kwa wasomaji

5. Je, hadithi ya kubuni si uongo?

Yesu alifundisha kwa mifano ya watu ambao hakuna anayeuliza majina yao wala vijiji vyao, na nabii Nathani alimfikia Daudi kwa kisa cha kubuni cha kondoo mmoja. Uongo ni kumfanya mtu aamini kwamba jambo limetokea ilhali halikutokea. Mwandishi akibuni kisa kisha akakiuza kama ushuhuda wa kweli, hapo amedanganya.

6. Nianze na kitabu gani?

Ningemshauri mtu anayesoma Kiingereza aanze na *Cry, the Beloved Country* ya Alan Paton, iliyochapishwa mwaka 1948. Paton alikuwa mkuu wa shule ya kurekebisha tabia ya vijana ya Diepkloof huko Johannesburg kuanzia mwaka 1935, na aliwajua vijana wa aina aliyoiandika. Mchungaji Stephen Kumalo anatoka kijijini kwake Ndotsheni kwenda Johannesburg kumtafuta dada yake mgonjwa na mwanawe aliyepotea. Anamkuta mwanawe, Absalomu, akiwa ameua kwa bastola mzungu aliyetetea haki za Waafrika, na baba wa mzungu huyo ni jirani anayeishi mlimani juu ya Ndotsheni. Jina la kijana si la bahati nasibu: Daudi naye alimlilia Absalomu.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba Paton hakumfanya mchungaji wake kuwa malaika. Kumalo, akiwa amechoka na amevunjika, anamwuliza msichana mjamzito wa mwanawe swali la kumdhalilisha, na baadaye anamtia ndugu yake hofu kwa maneno aliyoyatunga makusudi ili amuumize. Anaona haya, na anaomba msamaha pale anapopata nafasi. Huzuni haimtakasi mtu papo hapo. Mara nyingi humfanya mkali, na Mkristo aliyewahi kuuguza anajua kwamba maneno makali aliyoyatoa usiku wa tatu bila usingizi humrudia kwa miaka. Mwishoni Kumalo anapanda mlimani kukesha alfajiri ambayo mwanawe ananyongwa Pretoria. Hakuna barua ya msamaha inayofika. Jua linachomoza, na kitabu kinakwisha.

Msomaji mwenye uvumilivu aendelee na *Ndugu Karamazov* ya mwandishi Mrusi Dostoevsky, iliyotoka jaridani kwa sehemu mwaka 1879 na 1880. Mwezi Mei 1878 mtoto wake Alyosha, ambaye hakuwa amefikisha miaka mitatu, alikufa kwa kifafa, na mwezi uliofuata baba yake alikwenda kwenye monasteri ya Optina. Katika riwaya kuna mama maskini aliyefiwa na mtoto wa umri ule ule, na mzee wa monasteri, baada ya kumfariji kwa kisa cha watakatifu kisichomtuliza, anamwambia alie na asitafute faraja upesi.

7. Nimefiwa karibuni. Je, nisome hadithi hizi?

Si lazima, na hakuna haja ya kujisikia kwamba umeshindwa. Wafiwa wengi ninaowafahamu hawakuweza kusoma kitabu chochote kwa miezi kadhaa, na wengine walisoma zaburi moja tu tena na tena. Ukianza kisa na kifua kikakubana, kifunge. Kama usingizi umekukimbia kwa wiki nyingi au unawaza kujidhuru, mwone mtu wa karibu na daktari kabla ya kitabu.

## Kwa waandishi

8. Je, mgonjwa lazima apone mwishoni?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu langu ni hapana, ingawa kupona nako hakujakatazwa. Ninachokipinga ni uponyaji unaoletwa kwa sababu mwandishi amechoka au anaogopa kwamba kanisa litasema hana imani. Msomaji ambaye mtoto wake hakupona atakifunga kitabu hicho akiwa na swali moja kichwani: mimi sikuomba vya kutosha?

Wengi hutetea mwisho wa furaha kwa kutaja Ayubu 42, kwamba alirudishiwa mara mbili. Isome tena sura hiyo kwa hesabu. Kondoo 7,000 wanakuwa 14,000, ngamia 3,000 wanakuwa 6,000, lakini watoto wanaozaliwa ni wana saba na binti watatu, idadi ile ile ya mwanzo. Wapo wahubiri wanaoeleza kwamba wale kumi wa kwanza walikuwa bado hai mbele za Mungu, kwa hiyo jumla ni ishirini, na maelezo hayo yana uzuri wake. Mimi nasoma hapo kwamba ng'ombe hufidiwa na mtoto hafidiwi. Binti wa mwisho wanatajwa kwa majina, Yemima, Kesia na Keren-hapuki, na wanapewa urithi pamoja na kaka zao. Mtu aliyewahi kuzika binti ndiye anayewatendea walio hai hivyo. Mwandishi anayeruhusu furaha ya mwisho ibaki na kiti kimoja kitupu mezani hajapunguza imani.

9. Mhusika anayemwamini Mungu anaweza kumlalamikia?

Anaweza, na Biblia imemtangulia. Zaburi ya 88 inakwisha gizani, bila ule mstari wa sifa tunaouzoea mwishoni. Naomi anarudi Bethlehemu bila mume wala wana, anawakataza wanawake kumwita kwa jina lake na kuwataka wamwite Mara, yaani uchungu, na hakuna anayemkemea. Martha na Mariamu, kila mmoja kwa wakati wake, wanamwambia Yesu sentensi ile ile katika Yohana 11, kwamba angekuwapo ndugu yao asingekufa. Bila shaka walikuwa wameisema wao kwa wao siku nne nzima. Yesu anamjibu mmoja kwa mazungumzo, na kwa mwingine analia.

Nalisisitiza hili kwa sababu miswada mingi ninayoipokea inamnyamazisha mhusika. Mama anaambiwa mtoto amefariki, na kabla hajakaa chini anasema kazi ya Mungu haina makosa. Msemo huo upo misibani kwetu, na wapo wanaousema kwa moyo wote, lakini wapo pia wanaousema ili wageni waweze kula wali kwa amani. Mwandishi aonyeshe ni yupi. Mungu mwenyewe, katika Ayubu 42:7, aliwakasirikia marafiki waliomtetea kwa maneno yaliyonyooka, akasema aliyenena sawasawa juu yake ni Ayubu, yule aliyelalamika sura baada ya sura.

10. Niwaandikeje ndugu na washirika wanaosema maneno ya kuumiza?

Kama watu wanaopenda. Mama yangu alipolazwa kwa kiharusi, mtu mmoja wa ushirika alikuja wodini na mfuko wa machungwa, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamenya moja kwa kisu kidogo bila kukata ganda, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna jambo lisilotubiwa. Yale machungwa aliyachagua mwenyewe, moja moja. Swali lake nimekaa nalo miaka kumi na moja. Ningemwandika bila machungwa, ningekuwa nimemwandika nusu.

Marafiki wa Ayubu waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Mpe mhusika wako siku hizo saba kabla hujampa mdomo.

11. Ugonjwa uelezwe kwa usahihi kiasi gani?

Kwa usahihi wa kutosha ili mzazi anayeuguza ugonjwa huo asikute kosa. Chukua selimundu, ambayo iko katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Ni ugonjwa wa kurithi: mtoto hupokea vinasaba kutoka kwa baba na mama, na wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa. Mzazi mwenyewe anaweza kuwa mzima kabisa. Seli nyekundu za damu hujipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo, ndipo maumivu makali ya mifupa yanapokuja, hasa kukiwa na baridi, upungufu wa maji mwilini au homa. Malaria ni hatari kubwa kwa mtoto huyu. Hutumia vidonge vya foliki asidi, na wengi hunufaika na dawa iitwayo haidroksiyurea.

Maarifa hayo ndiyo yanayozaa mgogoro: ndoa ambamo upande wa mume unasema mke ameleta ugonjwa, ilhali hauwezi kutoka upande mmoja peke yake. Yanazaa pia picha. Badala ya kuandika kwamba mama aliteseka sana, mwonyeshe saa nane ya usiku akichovya taulo kwenye maji ya moto, akimkanda mwanawe goti, huku akivihesabu kwa macho vidonge vilivyobaki kwenye kifuko cha karatasi: vinne, na leo ni Jumanne tu. Sala atakayoisema hapo itakuwa fupi, na itasadikika.

Mhusika anayeacha dawa kwa sababu ya imani anaruhusiwa kuwamo, kwa kuwa watu wa namna hiyo wapo. Asisifiwe na msimulizi. Msomaji mmoja anayeiga atamgharimu mtoto maisha.

12. Nifanye nini na habari za laana ya ukoo na uchawi?

Zitaje, kwa sababu familia inayouguza Mombasa, Mbeya au Bukavu itazisikia ndani ya wiki ya kwanza, na hadithi inayojifanya hazipo itaonekana ya watu wa kwingine. Lakini usizipe jukumu la kufumbua fumbo la kisa. Wanafunzi walipouliza katika Yohana 9 ni nani aliyetenda dhambi, kipofu au wazazi wake, waliambiwa si huyu wala si hao. Kwa selimundu, tazama swali la 11. Hapo hata biolojia inaikataa lawama ya upande mmoja.

13. Mtoto mgonjwa anaweza kuwa mhusika, au ni sababu tu ya wazazi kuonyesha imani yao?

Awe mhusika. Apende kitu, achukie kitu, adanganye kwamba amekunywa uji, aone wivu ndugu yake anapokwenda shule. Mtoto anayenena hekima tu na kufa akitabasamu ni mtoto aliyeumbwa ili mtu mzima apate somo.

## Hali ngumu

14. Kama anayesababisha mateso ni mmoja wa familia, je, mhusika lazima amsamehe na kurudi?

Kusamehe ni jambo moja na kurudi ni jingine, na mwandishi Mkristo ana wajibu wa kuvitenganisha mbele ya msomaji. Nimesoma miswada ambamo mke anayepigwa anaomba kwa machozi, mume anaokoka katika sura ya mwisho, na mchungaji aliyemwambia avumilie anaonekana alikuwa sahihi. Wanawake wanaosoma hadithi hiyo wakiwa na michubuko wanaambiwa kwamba kipigo ni jaribu la imani yao, wakati ni dhambi ya mtu mwingine na ni kosa la jinai. Mhusika wako anaweza kuondoka usiku na watoto, akaenda dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi, akahamia kwa shangazi, na huko ndiko akapambana na swali la msamaha kwa mwaka mzima. Imani yake haikupungua alipofungua mlango.

15. Mhusika akiacha imani mwishoni, bado ni hadithi ya Kikristo?

Inaweza kuwa, ikiwa imemsikiliza kwa uaminifu. Dostoevsky alimpa Ivan Karamazov, anayeikataa dunia iliyojengwa juu ya machozi ya mtoto mmoja, hoja zenye nguvu kuliko za mtu yeyote katika kitabu, na hakumjibu kwa hoja. Alimweka karibu naye ndugu anayempenda. Usimwadhibu anayeondoka kwa ajali au ukichaa. Acha mlango wa kanisa wazi, na umwache mama yake aendelee kumwekea chakula.

16. Naweza kuandika kisa cha familia yangu?

Waulize walio hai kabla ya kuandika. Badilisha kazi, mkoa, idadi ya watoto na ugonjwa, kwa kuwa kubadilisha majina tu hakumfichi mtu kijijini. Hali ya VVU, magonjwa ya akili na ubakaji visitumiwe bila ridhaa ya mwenye jambo, hata kama wewe ni dada yake. Kuhusu wanaosema vibaya, tazama swali la 10: maneno nimeyatumia, ila mtu mwenyewe hawezi kutambulika.

17. Nimeombwa nisome hadithi yangu kwenye matanga. Nisome sehemu gani?

Mara nyingi usisome kabisa. Msiba ni wa wafiwa, na hadithi yako ina mtu mwingine aliyekufa ndani yake. Familia yenyewe ikisisitiza, chagua ukurasa mmoja usiozidi dakika tatu, usio na kifo wala uponyaji, kwa mfano pale ambapo jirani anakuja kufua nguo bila kuombwa. Mwonyeshe mkubwa wa familia ukurasa huo siku moja kabla, na akisema hapana, uache nyumbani uende ukasaidie jikoni.